Seva mpya, sanduku la zamani: barua za mutumishi zisipotee

Zamani karatasi ya mushahara ilipita mu mikono: kutoka ku biro mpaka kwa kapita, kutoka kwa kapita mpaka kwa mutumishi, na jioni mama aliifungia mu valizi pamoja na karatasi za ndoa na za watoto. Leo, mu kampani nyingi za shaba na kobalti, karatasi ile inapita mu imeli. Kontra ya kazi, mwito wa kupimwa ku hopitali, ruhusa ya likizo, jibu la biro ya watumishi: vyote vinaangukia mu sanduku moja la barua ambalo hakuna mutu analigusa na mikono.

Kiisha siku moja tangazo linabandikwa ku mulango. Siku ya Mungu seva ya barua itafungwa, programu mpya itawekwa, siku ya kwanza asubuhi kila kitu kitatembea. Mu posti watu wanaangaliana. Barua zetu za miaka yote zitabaki? Ulizo hili ni la haki, na haliko la watu wa biro peke yao. Mutu anayefuata pansio yake ku CNSS, ile tuliyozoea kuita INSS, ao mutu anayefuata haki ya ajali ya kazi, anaweza kuhitaji barua moja ya miaka kumi nyuma. Kama barua ile haionekani, atabaki na maneno ya kinywa tu. Kwa hiyo tumetaka kueleza kazi hii inafanyika namna gani, nini inaweza kuharibika, na jamaa inaweza kujilinda namna gani.

Mutunza depo na vitu vya mu depo

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi wanachanganya. Seva ni kompyuta isiyolala: usiku na muchana inangojea barua. Ndani yake muko programu, na muko barua zenyewe. Programu ni sawa vile mutunza depo: anapokea vitu, anaviandika mu kitabu, anavipanga mu rafu, na wewe ukifika na karte yako anakutolea chako. Barua ni vile vitu vya mu rafu: buti, kofia, taa. Depo ikipata mutunza mpya, buti hazichomwe. Zinabaki pale pale.

Sasa hatari iko wapi? Iko mu desturi. Mutunza wa zamani alikuwa na namna yake ya kupanga na kuandika. Yule mpya akifika na namna ingine, anaweza kukuambia "hakuna buti" wakati buti ziko nyuma ya mugongo wake. Kubadilisha programu ya barua vizuri ni hivi: mutunza mpya asome vitabu vya yule wa zamani, mustari kwa mustari, bila kugeuza namba hata moja.

Juu ya nini wasiiache ile ya zamani?

Mutu atasema: ile ya zamani ilikuwa inatembea, muiache basi. Tunamuelewa. Lakini programu inazeeka sawa kamba ya lifti ya shimo: kwa macho iko muzima, kumbe ndani nyuzi zinakatika. Tarehe 2 mwezi wa 3, 2021, Microsoft ilitoa dawa ya haraka kwa matundu yaliyopatikana mu Exchange, programu ya barua ambayo kampani nyingi za dunia zinaitumia. Wezi walikuwa wamekwisha kupita mu matundu yale, na mu siku chache seva makumi ya maelfu ziliingiliwa mu inchi nyingi. Wale ambao hawakuweka dawa walibaki na mulango wazi, na barua za watumishi ndani.

Tena kila programu iko na siku yake ya kustaafu. Kwa Exchange ya 2016 na ile ya 2019, muda wa kutunzwa uliisha tarehe 14 mwezi wa 10, 2025. Seva inaweza kuendelea kuwaka kiisha tarehe kama ile, lakini inawaka kama nyumba bila mulinzi. Kwa hiyo kubadilisha si mapendo ya vitu vipya tu. Ulizo la kweli ni namna gani ya kubadilisha.

Mufano mumoja: Dovecot

Tuchukue programu moja tuone kazi yenyewe. Inaitwa Dovecot. Aliianzisha Timo Sirainen, mutu wa Finlandi, mu mwaka 2002. Ni ya bure, na leo njo inafungua masanduku ya barua ku seva nyingi sana za dunia. Tarehe 9 mwezi wa 8, 2025, Debian 13 ilitoka (Debian ni mufumo unaoendesha kompyuta nyingi za seva), na ndani yake Dovecot 2.4 ilichukua nafasi ya 2.3. Kutoka 2.3 mpaka 2.4, mutu anaweza kufikiri ni hatua ya mutoto. Hapana, ni ngazi nzima.

Toleo la 2.4 halikubali faili ya maagizo ya 2.3 vile ilivyo. Mustari wa kwanza lazima useme maagizo haya yaliandikwa kwa toleo gani. Mustari ule ukikosa, programu inakataa kuwaka. Hata njia ya kufika ku barua inaandikwa kwa namna ingine. Zamani ilikuwa agizo moja, sasa ni mawili: moja linasema ni rafu ya aina gani, lingine linasema rafu iko wapi. Fundi akikosea njia ile, mutunza mpya anafungua rafu tupu, na wewe asubuhi unaona sanduku jeupe kabisa. Moyo unaruka. Kumbe barua ziko, ni mulango tu ndio si wenyewe.

Programu inayokataa kuwaka inamuchosha fundi saa nane ya usiku, lakini kwa mutumishi ni jambo jema. Mu mugodi tunajua: mashini inayosimama na kulia inapita mashini inayoendelea kutembea na kuharibu kimya kimya.

Kuko mustari mwengine mu faili ile ya 2.4, na huu njo unatugusa zaidi. Unasema: ni toleo gani la zamani kupita yote ambalo lazima liweze bado kusoma vile ninaandika? Juu ya nini kuuliza hivi? Sababu kampani yenye seva mbili ao tatu haibadilishe zote usiku mumoja. Kwa siku kazaa ya zamani na ya mpya zinafanya kazi pamoja. Kama ile mpya inaandika kwa mwandiko wake mpya, ile ya zamani inashindwa kusoma. Na kama jambo linaharibika na mafundi wanataka kurudi nyuma, barua za juma lile zitakuwa fumbo kwa programu ya zamani. Basi mpaka kazi imalizike, mpya inaagizwa kuandika vile ya zamani inajua. Ni sawa kijana aliyesoma sana: akimuandikia babu yake, anachukua maneno ambayo babu anayajua. Siku mafundi wanaona wazi kwamba hawatarudi tena nyuma, njo wanageuza mustari ule.

Kila barua na matrikule yake

Mutu wa mugodi anajua uzito wa matrikule. Jina linaweza kufanana, matrikule haifanane. Hata barua iko vile: ndani ya kila dosie, kila barua inapewa namba yake, na namba ile haipewe barua ingine. Tena dosie lenyewe liko na muhuri. Telefoni yako inaweka mu akili: "Dosie lenye muhuri huu, nimekwisha kusoma mpaka namba fulani." Kesho yake inaomba tu zile za kiisha namba ile.

Sasa programu mpya ikija na muhuri mpya, sheria ya IMAP inaagiza telefoni isahau yote iliyojua na kuanza kusoma upya. Barua hazipotee. Lakini telefoni inaanza kushusha barua za miaka na miaka, na mega ulizonunua kwa juma nzima zinakwisha mbele ya chai ya asubuhi. Kwa jamaa inayohesabu franga, hiyo ni hasara ya kweli, na haionekane mu hesabu ya kampani.

Wale wanaotumia POP wanapata taabu ya aina ingine. POP nayo inapiga kila barua alama. Alama zikigeuka, telefoni inafikiri kila barua ni mpya, na barua za zamani zinaingia mara ya pili: mwito wa hopitali wa mwaka juzi unafika tena kama wa leo. Mutu mumoja anakwenda ku dispanseri bure, mwengine anachoka na kufuta zote, na pamoja nazo anafuta ile moja ya maana.

Na namba hizi zinakaa wapi? Kwa Dovecot, kama rafu ni ya aina ya Maildir, ziko mu faili ndogo karibu na barua zenyewe. Fundi anayechukua barua na kusahau faili ile amebeba watumishi na kuacha kitabu cha matrikule. Kama kampani inatoka ku programu ingine, mufano Courier, kwenda ku Dovecot, kuko chombo cha kugeuza kitabu cha Courier kiwe cha Dovecot, namba zikibaki vile zilikuwa. Courier iko na desturi ingine tena: inaweka madosie yote chini ya sanduku kubwa. Kama Dovecot haikuambiwa desturi ile, dosie lako la "Mushahara" linapotea machoni, hata kama ndani ya seva liko muzima.

Rafu yenyewe isiguswe usiku ule ule

Tumesema Maildir. Ni namna ya kupanga iliyotengenezwa na Daniel J. Bernstein mu miaka ya 1990: kila barua ni faili yake peke yake, na ku mwisho wa jina la faili kuko alama ndogo zinazoonyesha kama barua imesomwa ao imejibiwa. Namna ya zamani zaidi, mbox, inashona barua zote mu faili moja refu, sawa kitabu kimoja cha posti ambamo kila mutu anaandika chini ya mwenzake. Kitabu kikipasuka katikati, barua nyingi zinaumia pamoja.

Kutoka mbox kwenda Maildir ni jambo la akili. Lakini si la kufanya usiku mumoja na kubadilisha programu. Nani anabadilisha kamba na mashini ya lifti mu posti moja? Kitu kikiharibika, hautajua ni nini iliharibu. Programu kwanza, watu watumikie juma mbili tatu, kiisha rafu.

Hata wakubwa wanaanguka

Mutu asifikiri shida hizi ni za kampani ndogo. Mwisho wa mwezi wa 2, 2011, watu wa Gmail walifungua masanduku yao na kukuta tupu. Google ilieleza kwamba programu mpya ya kuhifadhi barua ilikuwa na kosa ndani. Waliopatwa walikuwa 0.02% ya watumiaji, maana yake watu 2 mu watu 10,000. Lakini Gmail ni kubwa, na watu 2 mu 10,000 pale ni umati. Google ilikuwa na nakala mu majumba kazaa ya kompyuta, na hata hivyo kosa lile liliharibu nakala kazaa pamoja. Nini iliokoa barua? Tepu. Tepu za sumaku, zilizowekwa pembeni, mbali na kompyuta zinazowaka, mahali programu mpya haikufika na mukono wake. Ilichukua wakati mingi kuliko kugeuza kompyuta moja kwa ingine, lakini barua zilirudi.

Somo ni fupi: nakala inayotembea pamoja na seva itaanguka pamoja na seva. Lazima nakala moja ikae pembeni, imezimwa.

Neno la siri na telefoni za zamani

Siku ya kwanza kiisha kazi, malalamiko mengine yatakuwa haya: "Neno langu la siri linakataliwa." Seva haihifadhi neno lako vile unaliandika. Inalisaga, sawa mawe mu konkasere: mawe yakikwisha kusagwa, hauwezi kurudisha jiwe. Ukiingia, inasaga neno uliloandika na kulinganisha unga na unga. Konkasere za zamani zilisaga vibaya, na wezi wa leo wanaweza kukisia jiwe lilikuwa gani. Dovecot 2.4 inakataa unga ule wa zamani, ila kama fundi anairuhusu. Dawa ya kweli ni watumishi watengeneze neno jipya mbele ya siku ya kubadilisha, pole pole, posti kwa posti.

Vilevile telefoni za zamani sana zinaweza kukosa kuingia, sababu hazijui kufunga njia kwa kufuli za leo. Mafundi wanapashwa kujua hesabu ya telefoni kama zile mbele, si kiisha.

Kazi nzuri inaonekana namna gani

Hakuna mutu anayeshusha posti nzima mu lifti mbele ya kuishusha tupu. Mafundi wazuri wanafanya vile vile. Wanachukua nakala ya barua zote na ya kitabu cha namba, na wanaijaribu: nakala ambayo haijafunguliwa hata mara moja si nakala, ni matumaini. Wanasimamisha seva ya majaribio pembeni, wanaweka programu mpya, wanafungua masanduku machache kwa telefoni za kweli. Wanahesabu: barua ngapi mu kila dosie mbele, ngapi kiisha. Namba zisipolingana, hawaendelei. Wanachagua watu wachache wapite kwanza. Seva ya zamani hawaifute siku ile. Wanaizima na kuingojea.

Na barua zinazofika wakati seva imefungwa? Hapa watu wengi wanaogopa bure. Seva inayotuma, ikikuta mulango umefungwa, haitupe barua. Inaiweka mu mustari na kujaribu tena na tena. Postfix, moja ya programu za kutuma zinazojulikana sana, inajaribu mpaka siku tano kama haikupewa agizo lingine. Kwa hiyo kufunga usiku mumoja hakupoteze barua. Kufunga juma nzima, ndiyo, kunaweza.

Wewe na jamaa yako

Mbele ya siku ya tangazo, fanya haya. Barua za maana, yaani kontra, karatasi za mushahara, karatasi za CNSS na za ajali, zishushe na uweke nakala mahali pawili: moja mu kompyuta ao flashi ya nyumbani, moja ku karatasi mu valizi. Sanduku la kampani ni la kampani. Siku kazi inakwisha, linaweza kufungwa. Kile kinacholinda watoto kisikae kule peke yake.

Uliza mutu wa informatiki: telefoni yangu inatumia IMAP ao POP? Kama ni IMAP, barua zinabaki ku seva. Kama ni POP, inawezekana zilishushwa na kufutwa kule, na nakala ya peke yake iko mu telefoni yako. Kwa hiyo asubuhi sanduku likionekana tupu, usifute konti mu telefoni ili kuiweka upya. Kwa mutu wa POP, kuifuta ni kutupa barua zenyewe. Ngoja, uliza kwanza.

Kama unaweza, siku ile ya kwanza funga mega na ufungue sanduku ku wifi ya kampani, ili kama barua zinashuka upya zisile franga zako.

Na jambo la mwisho ni la wezi. Wakati kampani inabadilisha seva, wao nao wanasikia. Utapata mesaje: "Tunahamisha sanduku lako, tutumie neno lako la siri, ao bofya hapa." Fundi wa kweli hahitaji neno lako la siri ili kuhamisha barua, ziko mu mukono wake tayari. Mama, vijana, na ninyi mulioko nyumbani na telefoni ya baba wakati yuko chini ya udongo: musijibu mesaje kama ile, hata kama inaandikwa na jina la kampani. Mungoje baba apande, waulize pamoja ku biro.

Wajumbe wa watumishi nao wako na kazi. Mu mukutano na wakubwa, mbele ya tarehe kuwekwa, waulize maulizo mane tu. Nakala iko wapi, na ilifunguliwa lini kwa majaribio? Namba za barua zitabaki? Kama inaharibika, mutarudi nyuma namna gani, na barua za siku zile za katikati zitasomeka? Nani atajibu watu wa posti ya usiku, wanaotoka wakati biro imefungwa? Shefu anayejua kazi yake atajibu mara moja. Kama majibu hayako, tarehe isogezwe mpaka yapatikane.